Kaka yangu aliniambia nikimbie

Kaka yangu aliniambia nikimbie. Ukiniuliza kwa nini natembea na bastola kiunoni, jibu langu linaanzia kwenye neno hilo.

Giza lilikuwa limeshaingia, lakini haukuwa usiku wa kuogopesha. Tulikuwa tunarudi nyumbani, mimi nikisukuma, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu, kama tulivyozoea tangu ajali ya barabarani ilipomjeruhi uti wa mgongo na kumwacha bila nguvu kuanzia kiunoni kwenda chini. Walitokea watu wawili. Mmoja alisimama mbele yetu, mwingine akaja kwa nyuma. Yule wa mbele alikuwa na kisu na hakukificha.

Niliwapa simu. Niliwapa begi. Kaka alivua saa mwenyewe akaitupa chini. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda kama watu wote wanavyoshauri: vitu vinatafutwa, roho haitafutwi. Lakini hawakuondoka. Yule wa mbele alitaka kujua kama chini ya mto wa kiti kuna hela, na Kaka alipomwambia hakuna, akakipindua kiti. Kaka alianguka kwa ubavu. Akiwa pale chini, uso ukiwa mchangani, aliinua sauti, akaniita kwa jina langu la utotoni, akasema: "Kimbia. Niache, kimbia."

Sikukimbia. Sisemi hivyo kujisifu, maana sikufanya kitu kingine chochote. Nilisimama tu mikono juu nikiwaangalia wakipekua mto wa kiti. Kisha wakaenda zao wakitembea taratibu, hata hawakuwa na haraka. Kaka ana kilo zaidi ya 80. Kumwinua peke yangu na kumrudisha kwenye kiti kulinichukua muda mrefu kuliko uporaji wenyewe, na muda wote huo alikuwa ananikaripia. "Siku nyingine ukiambiwa kimbia, kimbia. Miguu unayo."

Kiwiko chake kilipona baada ya wiki chache. Maneno yake sijayasahau.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda kujiandikisha mafunzo ya silaha. Somo la kwanza la mwalimu wetu halikuhusu bastola kabisa. Alisema ulinzi wa kwanza ni kutokuwepo mahali penye hatari, wa pili ni kuondoka, wa tatu ni kutoa wanachotaka. Bastola, alisema, ni ya pale ambapo hayo yote yameshindikana na mtu anakaribia kuuawa au kuumizwa vibaya sana. Akarudia kuhusu kuondoka. Ondoka, ondoka, ondoka. Ukiweza kukimbia, kimbia.

Nilinyoosha mkono. Nikamwuliza, na ambaye hawezi kukimbia? Na anayemsukuma ambaye hawezi kukimbia?

Alinyamaza. Nilimheshimu kwa ukimya ule kuliko kwa jibu lolote ambalo angeweza kulitunga haraka. Baadaye, watu walipokuwa wanatawanyika, alinifuata akasema: "Njoo naye. Mazoezi yako utayafanya naye, au usiyafanye."

Fomu ya kuomba kibali ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu. Mstari mmoja. Niliandika "kujilinda", kwa sababu ndilo neno linaloeleweka ofisini, lakini lilikuwa neno la uongo kidogo. Kwa ajili yangu peke yangu nisingebeba. Mimi nina miguu, kama Kaka alivyosema. Darasani tulikuwa na sababu mbalimbali. Kulikuwa na mfanyabiashara anayefunga duka usiku akiwa na mauzo ya siku nzima mfukoni. Kulikuwa na mama ambaye mtalaka wake alikuwa amemtumia ujumbe wa kumwahidi kifo, na amri ya mahakama anayo kwenye mkoba, na anajua vizuri kwamba karatasi haizuii mlango kuvunjwa. Kulikuwa na kijana ambaye kila alipoulizwa alisema "basi tu, dunia imeharibika". Mwalimu alimwambia mbele yetu kwamba anayeshindwa kumtaja anayemlinda, au anachokihofia, asinunue kwanza. Kijana yule alikasirika, na sikumwona tena. Mwalimu alikuwa sahihi. Hofu isiyo na jina humfuata mtu kila mahali, na bastola ikishaungana nayo, kila anayepita njiani anakuwa adui.

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza kwamba nilichokuwa nakiwaza kitandani na kinachotokea kweli ni vitu viwili.

Mwaka 1983 mkufunzi wa polisi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika makala kuhusu jaribio rahisi alilolifanya. Alipima mtu mwenye kisu anatumia muda gani kufika alipo mwenzake kutoka umbali wa futi 21, yaani kama mita 6.4. Alipata takriban sekunde 1.5. Huo ndio muda ambao mtu aliyefanya mazoezi anahitaji kuchomoa bastola kwenye ala yake na kufyatua. Kwa hiyo mwenye kisu aliye umbali huo tayari yuko karibu mno. Yule wa kwetu alikuwa umbali wa mkono.

Sasa ongeza kiti. Mikono yangu yote miwili iko kwenye vishikio. Nikiachia tukiwa kwenye mteremko, kiti kinaondoka na Kaka ndani yake. Siku ya kwanza uwanjani, tukiwa na bastola ya plastiki isiyofyatua chochote, mwalimu alipiga filimbi nikachomoa kama nilivyofundishwa, na kiti kikateremka mpaka mwalimu akakimbia kukidaka. Mara ya pili nilifunga breki kwanza, kushoto halafu kulia. Mpaka namaliza, mwalimu aliyekuwa anaigiza mvamizi alikuwa ameshanigusa kifuani kwa kipande cha mpira.

Mara ya tatu ndiyo iliyoninyamazisha. Nilichomoa haraka, nikaelekeza mbele, na mwalimu akasema, "Ganda hapo hapo. Angalia." Niliangalia. Mdomo wa bastola ulikuwa umepita juu ya kisogo cha Kaka. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, kichwa chake kiko kwenye usawa wa tumbo na kifua cha anayemsukuma. Bastola ikitoka kiunoni kwangu, kitu cha kwanza inachokielekea kabla ya mvamizi yeyote ni kichwa cha mtu ninayesema namlinda. Zipo kanuni nne za usalama wa silaha ambazo Jeff Cooper, aliyekuwa mwanajeshi wa majini wa Marekani na baadaye mwalimu maarufu wa bastola, alizieneza, na wakufunzi wengi duniani wanazifundisha mpaka leo. Hesabu kila silaha kuwa ina risasi. Usiielekeze kamwe kwenye kitu usichokuwa tayari kukiangamiza. Kidole kiwe nje ya kifyatulio mpaka shabaha imekaa sawa. Ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mimi kanuni ya pili nilikuwa naivunja kila nilipochomoa, na niliyekuwa namwelekezea ni kaka yangu.

Kaka hakugeuka. Alisema tu, "Tuanze upya. Breki nafunga mimi."

Tulifanya kazi ile kwa miezi. Kaka anafunga breki kwa mikono yake yote miwili kwa mpigo mmoja, kitu ambacho mimi kwa nyuma siwezi. Anainamisha kichwa na kuziba masikio, kwa sababu mlio wa bastola ni kama desibeli 160, na mlio wa ghafla unaozidi 140 unaweza kumharibia mtu usikivu papo hapo. Mimi napiga hatua moja pana upande wa kulia mpaka nimsimamie ubavuni, halafu ndipo mkono unakwenda kiunoni. Hatua ile inakula muda ambao tayari hatuna. Tulikubaliana nao. Afadhali nichelewe kuliko nimpige Kaka.

Na mazoezi yenyewe yalitufundisha zaidi kutofika huko. Ukishaona kwa macho yako kwamba huna sekunde za kutosha, unaanza kuzitafuta mapema, hatua 50 kabla. Cooper huyo huyo aligawanya hali za akili kwa rangi: nyeupe ni mtu asiyejua kinachoendelea pembeni yake, njano ametulia lakini macho yako wazi, machungwa ameona kitu mahsusi kinachomtia shaka, nyekundu yuko tayari kutenda. Usiku ule tulioporwa mimi nilikuwa mweupe kabisa. Nilikuwa namsimulia Kaka jambo la kazini, nikicheka. Sasa natembea kwenye njano, na Kaka naye, na ni yeye anayeona zaidi, maana anakaa chini na anatazama mikono ya watu badala ya nyuso. Tumewahi kugeuza njia mara nyingi kwa sababu tu alisema "hapana" bila kueleza.

Watu wanadhani ukibeba silaha unakuwa jasiri. Kwangu mimi ilikuwa kinyume. Kuna dereva aliwahi kututukana kwa sababu tulikuwa tunachelewa kuvuka. Matusi mazito, mpaka ya wazazi, ambao wote wawili wameshatangulia. Zamani ningemjibu, na ningemfuata mpaka dirishani. Siku hiyo nilikuwa na bastola, kwa hiyo niliomba radhi. Nilimwomba radhi mtu aliyemtukana marehemu mama yangu, nikasukuma kiti. Ukibeba silaha, ugomvi wowote unaouingia tayari una silaha ndani yake. Karibu kila mahali sheria ya kujitetea inauliza mambo yanayofanana: hatari ilikuwa pale pale? Nguvu uliyotumia ililingana nayo? Uliyaanzisha wewe? Mtu aliyemfuata mwenzake dirishani amekwisha kuliharibu jibu la swali la mwisho. Pombe niliacha kabisa siku nilipopata kibali. Sikutaka kuanza kupiga hesabu za leo nabeba, kesho nakunywa.

Lakini kuna siku moja nisiyopenda kuisimulia, na naisimulia kwa sababu hiyo hiyo.

Magurudumu madogo ya mbele yalikuwa yamenasa kwenye ukingo wa barabara, jua linazama. Nilikuwa nimeinama nikivuta kiti kinyumenyume. Nikasikia hatua za haraka upande wa kushoto, nikageuka nikaona mtu anakuja moja kwa moja kwetu, mkono mmoja mbele. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nimeshapiga ile hatua pana, na mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshainua pindo la shati. Mwili ulifanya ulichozoezwa. Yule mtu aliona kilichokuwa chini ya shati. Alisimama ghafla, akainua mikono yote miwili, na akasema, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mbwa mkali, "Nilitaka kusaidia kunyanyua tu. Samahani. Samahani sana."

Aliniomba samahani. Mtu aliyekuja kunisaidia kumbeba kaka yangu aliniomba mimi samahani, mikono ikiwa juu, kama mimi nilivyosimama usiku ule.

Niliteremsha shati, nikamwomba radhi mara nyingi, naye akasogea akatusaidia kunyanyua, jambo ambalo hakulazimika tena kulifanya, kisha akaondoka upesi bila kutazama nyuma. Sikuchomoa. Kwa sheria pengine hakuna kosa lililotendeka, sijui, na si hilo linalonisumbua. Linalonisumbua ni kwamba nilikuwa nimefanya mazoezi ya kuchomoa mara elfu na sikuwa nimefanya hata mara moja mazoezi ya kuuliza. Nilimweleza mwalimu. Kuanzia wiki ile zoezi letu lilianza na sauti: "Simama hapo! Unataka nini?" Mara nyingi zaidi ya kuchomoa. Mvamizi wa mazoezi wakati mwingine alikuwa mvamizi, wakati mwingine alikuwa mtu anayeuliza saa, na mimi sikuambiwa mapema yupi ni yupi. Ninyi mnaobeba, kama mwalimu wenu hawafanyishi hivyo, mwombeni. Zoezi ambalo kila anayekukaribia ni adui linakufundisha kumpiga risasi mtu asiye na hatia.

Mwaka uliofuata Kaka aliingia kwenye sonona. Haikuja kwa kishindo. Aliacha kunyoa ndevu. Aliacha kuuliza habari za mpira. Mwanawe alikuwa amehamia kwa mama yake mbali, vidonda vya kukaa vilimrudia, na daktari alikuwa amemwambia bila kuzungusha maneno kwamba nguvu za miguu hazitarudi. Mimi niliona ni uchovu. Nilikuwa nachunguza mikono ya kila mtu njiani, na ya Kaka sikuitazama.

Usiku mmoja tunakula, akauliza, "Hivi hicho chuma usiku unakiweka wapi?"

Swali jepesi. Tulikuwa tumekaa na bastola ile nyumba moja kwa miaka miwili na hakuwahi kuliuliza. Hakuwa na sababu ya kujua. Nilimjibu kwamba iko kwenye kasha la chuma, kama sheria inavyotaka. Akasema, "Na ufunguo?" Nikasema ninao. Akaendelea kula.

Nilikaa kimya labda dakika tano, na dakika tano zile nilikuwa natafuta maana nyingine ya swali lake. Labda anahofia wezi. Labda anahofia mwanawe akija likizo, na hofu hiyo ingekuwa ya haki. Mwaka 2001 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa makundi 29 ya wavulana wa miaka 8 hadi 12 walioachwa chumbani ambamo bastola halisi isiyo na risasi ilikuwa imefichwa kwenye droo. Makundi 21 yaliipata, katika 16 wakaishika, na katika 10 kuna mtoto aliyevuta kifyatulio. Wengi wao walikuwa wameshafundishwa usalama wa silaha. Kwa hiyo nilijiambia Kaka anamuwaza mtoto. Lakini mtoto hakuwa na mpango wa kuja.

Mwishowe nikaweka kijiko chini. "Kaka, unawaza kujitoa uhai?"

Nilikuwa nimewahi kusikia watu wakisema kwamba ukimwuliza mtu hivyo waziwazi unamtia wazo kichwani. Si kweli. Wataalamu wa afya ya akili wanasema kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo hilo, na mara nyingi kunampunguzia mzigo. Kaka alikaa muda mrefu. Halafu akasema, "Siku nyingine. Si kila siku." Na akalia, na mimi nikalia, na chakula kikapoa.

Usiku ule ule nilimpigia mwalimu simu. Alikuja mwenyewe na gari, akatuchukua wote wawili, kwa sababu sikutaka kumwacha Kaka peke yake, tukaikabidhi bastola na risasi zake zote kwenye ghala la silaha la klabu yake, kwa maandishi. Asubuhi tulikuwa hospitali.

Baadaye nilisoma mambo ambayo ningepaswa kuyajua kabla sijajaza ile fomu. Wanaojaribu kujiua kwa bunduki au bastola, karibu 9 kati ya 10 hufa. Kwa njia nyingine nyingi, wengi hupona. Na waliopona, karibu 9 kati ya 10 hawafi kwa kujiua baadaye. Watafiti wa Houston waliwahi kuwauliza vijana walionusurika baada ya majaribio makali kwamba kati ya kuamua na kutenda ulipita muda gani, na karibu robo yao walisema haukufika dakika 5. Ule uamuzi unakuja kama wimbi na unaondoka kama wimbi, ila risasi haimpi mtu nafasi ya kungoja maji yashuke. Jeshi la Israel, mwaka 2006, liliacha kuwaruhusu askari wengi kwenda nyumbani na silaha mwisho wa juma. Kujiua kwa askari vijana kulipungua kwa asilimia 40, na kupungua huko kulikuwa hasa kwa siku za mwisho wa juma. Vijana wale wale, shida zile zile. Bastola tu haikuwa karibu.

Nilikuwa nimehesabu kila hatari iliyoweza kutufuata njiani na sikuwa nimehesabu iliyokuwa mezani kwetu. Bastola niliyoibeba kwa ajili ya Kaka ilikuwa inamhatarisha Kaka kuliko mtu yeyote mwenye kisu. Sikubadilisha mawazo kuhusu usiku ule. Wale watu walikuwa kweli, kisu kilikuwa kweli. Lakini mtu anayebeba anapaswa kuuliza habari za watu wa nyumbani kwake kwa bidii ile ile anayoangalia barabara. Na kama wewe unayesoma ndiye unayewaza hivyo, mwambie mtu leo, na silaha itoke ndani leo, hata kama unaamini utakuwa sawa kesho.

Tulikaa miezi minane bila bastola. Tulitoka mapema, tukarudi jua likiwa bado juu. Tulibadilisha njia, tukachagua iliyo ndefu yenye taa na watu. Nilinunua tochi yenye mwanga mkali na filimbi. Jirani mmoja alizoea kutembea nasi siku za kliniki, na mazungumzo yake yalimsaidia Kaka kuliko alivyojua yeye mwenyewe. Katika miezi yote minane hakuna lililotupata. Ni haki niseme na hili pia: katika miaka yote niliyobeba, kabla na baada, sijawahi kuichomoa nje ya uwanja wa mazoezi. Naweza kusema haikuhitajika. Siwezi kusema haikufaa kitu, maana wapo watakaonielewa nikisema kwamba usiku wa kwanza niliotoka nayo na Kaka, baada ya uporaji ule, ndio usiku wa kwanza nilioweza kuisikia sauti yake bila kusikia "kimbia" ndani yake.

Dawa zilianza kufanya kazi taratibu, na mshauri nasaha naye. Ndevu zikanyolewa. Mpira ukarudi. Ulipoingia mwezi wa tisa bila bastola, Kaka mwenyewe ndiye aliyeleta mazungumzo, na alikuja na masharti kana kwamba ameyaandika. Kasha jipya, la namba za siri, na namba hizo yeye asizijue kamwe, wala asiweze kuzikisia, kwa hiyo isiwe tarehe ya kuzaliwa ya mtu yeyote tunayemjua. Bastola iwe mwilini mwangu au ndani ya kasha, hakuna mahali pa tatu, hata kwa dakika ya kuoga. Daktari wake ajue kwamba ipo. Na sharti la mwisho, siku yoyote akisema "ipeleke", naipeleka klabu siku hiyo hiyo, bila kumwuliza kwa nini, na hairudi mpaka yeye na daktari wake wakubaliane.

Nilimwuliza kwa nini anataka irudi kabisa. Aliniangalia kana kwamba ndiye mkubwa na mimi bado mtoto, na kwa umri ni kweli. "Kwa sababu hukukimbia," alisema. "Na najua hutakimbia."

Mwezi uliopita, asubuhi, nilikuwa natafuta soksi zake, akasema kutoka kitandani, "Mdogo wangu. Ipeleke."

Nilivaa viatu. Sikuuliza. Nilimpigia jirani aje akae naye, nikampigia daktari nikiwa njiani, nikaikabidhi, nikasaini daftari, nikarudi nikamkuta ameshakunywa chai. Hakuzungumzia, nami sikuzungumzia. Jioni alitaka kutoka, kwa hiyo tulitoka mapema, kwa ile njia ndefu. Tulipofika kwenye mteremko nilisimama nipumue kidogo, na kabla sijasema kitu nikasikia breki zote mbili zikifunga kwa mpigo mmoja.